Kabla Hujaling'oa Gugu Hilo, Tazama Chini Yake

Nilipohamia nyumba ya kupanga huku mtaani Kahawa, Kenya, kilichonivutia kilikuwa kiuga cha nyasi pale mbele, ukubwa wake kama mikeka minne. Mvua ndefu zilipoanza, kwenye nyasi vikachomoza vijani vitatu vitatu, laini, na maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Nikamwambia mke wangu, "Hii ni klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ina faida kwa udongo." Nikawa naimwagilia maji.

Wala haikuwa klova. Klova ina shina linalotambaa, majani yake ni ya mviringo na mara nyingi yana doa jeupe, na maua yake hujikusanya yakawa kitufe kimoja. Gugu langu halikuwa na shina lolote juu ya ardhi. Kila kikonyo kilitoka udongoni peke yake. Kila kijani ni pembetatu iliyobonyea kwenye upana wake, mkia wa samaki kabisa. Ua lina petali 5. Jioni majani hujikunja kama mwavuli. Ukitafuna moja utakunja uso, maana lina asidi ya oksaliki (mifugo ikilila kwa wingi huumia figo). Wataalamu huliita Oxalis latifolia, na asili yake ni nchi za Amerika, Meksiko ikiwemo. Wakulima wa kahawa wanalijua vizuri.

Hata hivyo tusilalamike sana juu ya mimea ya kigeni: nyasi zetu za Kikuyu, tunazozipenda hivi, Marekani zimeorodheshwa kuwa magugu.

Kosa langu kubwa lilikuwa jembe la meno. Nililima kiuga kizima Jumamosi moja, nikatikisa udongo, nikasawazisha, nikajisifu. Mvua fupi zilipokuja, gugu lilikuwa limefika hadi mlangoni. Ndipo nilipochimbua gugu moja taratibu kwa kisu. Chini kulikuwa na kitunguu kidogo, na kutoka kwake nyuzi nyeupe, kila moja na kitunguu kingine nchani, vingine vidogo kuliko punje ya kunde. Huku kwetu gugu hili halitegemei mbegu. Linategemea vitunguu hivyo, na mtu mwenye jembe wa kuvisambaza. Nililipanda mwenyewe.

Kwa hiyo chimbua moja kwanza. Ukiona vitunguu, usilime. Ng'oa baada ya mvua udongo ukiwa laini, ukiingiza kisu chini ili utoke na bonge zima, na urudie kila majani yanapochipuka, kabla kitunguu cha mama hakijazaa vingine. Usitupe kwenye mboji. Mimi nayaweka kwenye gunia kuukuu, mbali na shamba. Nyasi nazo usizikate hadi udongo uonekane. Zikiwa nene, gugu hunyimwa jua. Pale penye wingi nilifunika kwa maboksi na matandazo mazito kwa miezi kadhaa, likadhoofika.

Lilitoka wapi? Naushuku mche wa waridi nilioununua kando ya barabara. Nilipoufungua mwingine kutoka kwa muuzaji yuleyule, niliokota vitunguu 7 kwenye udongo wake. Siku hizi kila mche naumwaga juu ya gunia na kuosha mizizi kabla haujagusa ardhi yangu.

Kona ya bomba bado inanishinda. Binti yangu hupita hapo akienda shule, anachuma majani mawili na kutafuna njiani, na sijamkataza.