Sukari 14 na upasuaji uko wiki 3 mbele: mama afunge?

Pole, dada. Umesema mama anatumia glibenklamidi (dawa ya kisukari), sukari ya asubuhi ni 14 mmol/L, naye anataka kufunga siku nzima ili ishuke kabla ya upasuaji wa ngiri. Asifunge. Dawa hiyo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mimi nilijaribu kabla ya upasuaji wangu. Nikaanza kutetemeka ndani ya matatu ya Kayole, jasho tele, kipimo kikasoma 3.1. Soda ya abiria mwenzangu ndiyo iliyoniokoa.

Kilichonisaidia ni sahani: nusu sukuma wiki au managu, robo omena au ndengu, ugali usizidi ngumi. Chai bila sukari (hapo tuligombana nyumbani). Kisha matembezi ya dakika 20 baada ya kula.

Mpime asubuhi, na tena zikipita saa mbili baada ya chakula, andika daftarini, mpelekee daktari wiki hii. Huenda akabadilisha dawa au kusogeza tarehe. Saa za kutokula kabla ya upasuaji, na dawa za kuacha, apange yeye.

Sukari ikishuka chini ya 4, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akichanganyikiwa au kusinzia, usimnyweshe kitu. Hospitali mara moja.