Saa aliyoichora Baba

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba alimpa mama yake, mwenye umri wa miaka 78, karatasi na penseli ili achore saa, na mama akachora duara lenye vistari vichache tu. Ananiuliza kama huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Kabla ya kumjibu, naomba nieleze yaliyonipata, kwa kuwa kosa nililolifanya linaniuma hadi leo.

Baba yangu alifundisha hesabu katika shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 31, na ni yeye aliyewafundisha watoto wengi kusoma saa. Nilipomwomba achore uso wa saa, aandike namba zote, kisha aonyeshe saa tano na dakika kumi, alicheka, akaniuliza kama nimerudi darasa la pili. Duara lilikuwa safi. Namba zilianzia juu na 12, zikateremka upande wa kulia zikisongamana, hata 11 ikakaa chini kabisa mahali pa 6, na upande wote wa kushoto ukabaki mtupu. Kisha akachora mishale miwili, mmoja ukielekea kwenye 5 na mwingine kwenye 10. Alikuwa ameyafuata maneno jinsi nilivyoyatamka, ilhali mshale mfupi ulipaswa kuelekea kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Ule ugeuzaji ambao sisi tunaotaja saa kwa Kiswahili tunaufanya bila kufikiri ulikuwa umemtoka.

Sikuvumilia. Nilichukua raba, nikamshika mkono, tukachora upya pamoja. Karatasi niliyoipeleka kwa daktari ilikuwa na saa nzuri sana, na saa hiyo ilikuwa yangu. Tuliambiwa ni uzee tu, nami nikaridhika kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Miezi minane baadaye, baada ya Baba kupotea njia akitoka msikitini, daktari mwingine alimpa maneno matatu ayakumbuke, akamchorisha saa, kisha akamwuliza yale maneno. Kipimo hicho huitwa Mini-Cog, huchukua kama dakika tatu na alama zake ni 5. Baba alipata 1.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu: mzazi anapochora, nyamaza. Hakikisha amevaa miwani yake, ondoa saa ya ukutani mbele ya macho yake, usimsahihishe wala usimcheke, na karatasi uitunze kama ilivyo, yenye tarehe. Nasema tena, usimsaidie. Huruma ya namna hiyo inamwibia mzazi muda wa matibabu.

Sasa nirudi kwa mama wa msomaji wangu, ambaye hakupata kusoma shule. Hapo saa iliyoharibika haitoshi kutuambia lolote. Kipimo kingine cha kumbukumbu na fikra, MoCA, kilichotungwa na Ziad Nasreddine huko Kanada na kuchapishwa mwaka 2005, kina alama 30, na humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu. Lakini alama moja haimfidii mtu ambaye maisha yake yote hakushika penseli. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliliona tatizo hilo, na katika kipimo chao cha IDEA mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa, badala ya kuchora. Hata hivyo, hakuna kipimo kati ya hivi kinachotaja ugonjwa kwa jina. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, au dawa anazotumia vinaweza kuichafua saa vilevile, na mengi ya hayo yana tiba, ndiyo maana ni lazima afike hospitali.

Usiende mikono mitupu. Andika anachoshindwa leo ambacho mwaka jana alikiweza: kuhesabu chenji dukani, kukumbuka kama mboga ameshaitia chumvi, kutambua njia ya kwa jirani. Daktari akianza kumpima, wewe kaa nyuma yake, mahali ambapo hawezi kukuangalia usoni akitafuta jibu.