Mafuriko na mitandao: taja mahali, taja saa

Mleta uzi ameuliza kama mitandao husaidia watu wakati wa mafuriko au ni pa kutafutia likes tu. Wa likes wapo, hilo halina ubishi. Ila mimi naishi Mathare, Nairobi, na Aprili 2024 mto ulipofurika usiku na kuingia majumbani, taarifa zenye maana hazikutoka kwa wenye wafuasi wengi. Zilitoka kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, ile ile ya kukumbushana kodi na kugombania nani hajafagia ngazi. Anayekaa chini kabisa aliandika: "Maji yamefika mlangoni, toeni watoto." Basi. Hakuna picha, hakuna emoji. Wa gorofa za juu wakaacha milango wazi.

Kitu cha kwanza kujua: pini ya ramani huku kwetu inamfikisha mtu barabarani tu. Kutoka hapo ni vichochoro. Andika "nyuma ya kanisa la mabati, karibu na choo cha kulipia", na uweke saa. Ushahidi, lile jukwaa lililozaliwa hapa Nairobi 2008 baada ya ghasia za uchaguzi na likatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, lilitegemea hilo hilo: watu wa kawaida wanatuma taarifa, zinawekwa kwenye ramani. Taarifa isiyotaja mahali utaiweka wapi?

Pili, stima zikikatika, achana na ujumbe wa sauti. Mtu anarekodi dakika mbili, analia, anamwita Mungu, mahali anapataja mwishoni kabisa, na wewe simu iko asilimia nne. Maandishi mafupi hupenya hata mtandao ukikwama, na asiye na bando mtumie SMS. Dharura yenyewe piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu.

Kuhusu uvumi, kumbukeni mafuriko ya Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, alfajiri ya Aprili 29 mwaka huo huo. Habari zilienea haraka kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka, hata vyombo vya habari vikarudia. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kuwa si bwawa lililopasuka. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya maji inayopita chini yake ilizibwa na takataka, kisha yakabomoa.

Lakini kilichonikera kuliko uvumi ni maombi ya msaada yasiyofungwa. Kuna picha ya familia juu ya paa iliyozunguka hadi kesho yake jioni, watu wanaita waokoaji, na wenyewe walikuwa wameshashushwa zamani, wako shuleni wanakunywa chai. Ukiweka ombi, wewe ndiye wa kurudi kuandika "wameokolewa" au kulifuta.

Michango nayo mnaijua: listi inanakiliwa, kila mtu anaongeza jina lake chini, wawili wakinakili kwa wakati mmoja jina moja linapotea na ugomvi unaanza. Apewe mweka hazina peke yake aiandike.

Na nyie maadmini mnaofunga grupu ili muandike nyinyi pekee "kupunguza kelele": mvua ikianza, ifungueni. Anayeona maji kwanza ni mpangaji wa chini, naye si admini.