Kompyuta Inajizima kwa Joto: Je, Dawa ya Meno Inatosha?

SWALI: Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya AMD Ryzen ya soketi, yaani kikalio chake, ya AM4. Nikifanya kazi kwa dakika kama ishirini, feni hupiga kelele na mashine hujizima. Fundi ameniambia nibadilishe pesti iliyoko kati ya prosesa na hitisinki (chuma chenye mabamba kinachoondoa joto la prosesa), lakini jirani anasema dawa ya meno inatosha. Nifanye nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba sana usipake dawa ya meno. Ni kweli kwamba siku za mwanzo joto hushuka, na ndiyo maana ushauri huo una wafuasi wengi, lakini dawa ya meno ina maji, na yakishakauka hubaki ukoko tu pale ulipokusudia kuziba mwanya.

Kuziba mwanya ndiyo kazi yenyewe ya pesti. Kifuniko cha chuma cha prosesa na uso wa hitisinki huonekana laini, ilhali vina mikwaruzo na vibonde visivyoonekana kwa macho, ambamo hukaa hewa, nayo hewa hupitisha joto kwa shida mno. Pesti huipita hewa kwa mbali, lakini haiifikii shaba wala alumini. Kwa hiyo inatakiwa ijaze vibonde hivyo tu, isiwe godoro kati ya vyuma viwili.

Kabla ya yote, pangusa vumbi lililoganda kwenye feni na kati ya mabamba ya hitisinki, kwa sababu mara nyingi mkosaji ni hilo. Joto lisipopungua, ndipo ufungue.

Hapa kwenye kufungua ndipo ninapotaka uwe makini zaidi. Prosesa yako ina pini 1,331 upande wa chini, na pesti iliyozeeka hunata kama gundi. Niliwahi kuivuta hitisinki moja kwa moja kwenda juu, prosesa ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi, na nikamaliza jioni nzima nikinyoosha pini zilizopinda, moja baada ya nyingine, kwa ukingo wa wembe. Washa kwanza kompyuta kwa dakika kumi ili pesti ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, kisha izungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia hadi uhisi imeachia, ndipo uinue.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na usubiri ikauke. Weka katikati ya prosesa tone moja lenye ukubwa kati ya punje ya choroko na ya njegere. Huna haja ya kulisambaza, maana mgandamizo wa hitisinki utalitandaza. Kaza skrubu kwa mshazari vilevile, na usisahau kurudisha waya wa feni.

Dukani ukipewa pesti ya metali ya maji, ikatae: ina galiamu, ambayo huila alumini, na hitisinki nyingi za kawaida ni za alumini.

Ukishafunga, fungua ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, usome joto la prosesa. Likiwa limetulia na mashine bado inajizima, mpelekee fundi aipime pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme.