Wasomaji Wanauliza: Siku Moja Ludlow

SWALI: Naishi Birmingham, na mwezi wa tano mama anakuja kutoka Tanga. London ameshaiona. Nataka nimpeleke mji mdogo wa kale wenye gulio, kisha tuone mashamba kidogo. Nimetajiwa Ludlow. Magoti yanamsumbua. Siku moja itatosha?

JIBU: Itatosha, ila panga siku kwanza ndipo ukate tiketi. Gulio la Ludlow hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kwenye uwanja ulio mbele ya lango la ngome. Siku nyingine usizitegemee. Fikeni saa nne asubuhi, maana alasiri wachuuzi huanza kufungasha. Soseji na pai za hapo mara nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuonja. Jibini nunueni mwishoni, msije mkazunguka nayo juani.

Kutoka Birmingham mtabadilisha treni Shrewsbury au Hereford. Hapo ndipo wengi wanapokwama: treni za reli hiyo hazifuatani kama daladala, na Jumapili hupungua zaidi. Ukiachiwa dakika nne tu za kubadilisha, na unaongozana na mzee, acha hiyo, chukua safari yenye nafasi ya robo saa. Kumbuka pia kwamba 09:30 ya kwenye ratiba ndiyo saa tatu na nusu yetu.

Stesheni iko bondeni, mji uko juu. Mwendo ni mfupi lakini ni wa kupanda, kwa hiyo kwa ajili ya mama chukueni teksi. Ila mkitembea mtapita hoteli ya Feathers, ambayo sura yake ya mbao zilizochongwa ni ya mwaka 1619.

SWALI: Kati ya ngome na kanisa, tuanze na kipi?

JIBU: Kama magoti hayaruhusu vyote viwili, tungechagua kanisa la St Laurence. Mnara wake una ngazi nyembamba ya kuzunguka, vidato kama 200, na mama asijaribu. Hazina yenyewe iko chini, kwenye viti vya mbao vya wanakwaya. Kiti hukunjwa, na upande wake wa chini una kijiegemeo kidogo cha kumpumzisha aliyesimama muda mrefu kwenye ibada. Chini ya vijiegemeo hivyo mafundi wa zama za kati walichonga mambo ya mitaani kwao. Tafuteni kile cha mama muuza pombe: shetani amembeba anampeleka motoni, na kipimo chake cha kupunjia wateja bado kiko mkononi. Mji wa wachuuzi haukosi onyo la namna hiyo!

Ngome ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11. Humo ndimo alimofia Arthur, mwana wa mfalme wa Uingereza, mwaka 1502, akiwa na miaka 15, na mjane wake Catherine wa Aragon baadaye akaolewa na mdogo wa marehemu, Henry VIII. Ndani kuna majani na mawe yasiyo sawa, basi mama avae viatu vya kufunga.

SWALI: Na mashambani je? Tunaogopa kuingia shamba la mtu.

JIBU: Uingereza njia nyingi za miguu hukatiza mashamba ya watu, na sheria inampa kila mtu haki ya kupita, mradi asiiache njia. Kwenye alama za njia, mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hiyo, za kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita moja, njia za haki ni vistari vya kijani. Wageni hukosea kwa kufuata vistari vyeusi: hivyo vinaonyesha tu kwamba njia ipo, si kwamba unaruhusiwa kuipita. Geti liacheni mlivyolikuta. Mkiona ng'ombe wenye ndama, zungukeni mbali, wala msipite katikati ya mama na mtoto.

Njia rahisi zaidi huanzia ngome: shukeni mtaa wa Dinham, vukeni daraja la mto Teme, halafu pandeni kilima cha Whitcliffe taratibu. Ukifika juu unageuka, na mji mzima uko mbele yako, ngome kushoto, mnara wa kanisa katikati. Mvua ikiwa imenyesha, mteremko huo huwa tope tupu. Siku hiyo achaneni nao, pandeni treni hadi kituo kinachofuata kaskazini, Craven Arms, mkaone Stokesay. Ni nyumba yenye ngome ya mfanyabiashara wa sufu, Laurence wa Ludlow, aliyepata kibali cha mfalme cha kuiimarisha mwaka 1291. Kutoka stesheni ni mwendo wa kama maili moja, hivyo hapo pia ulizieni teksi mapema.