Maswali na majibu: "Cometh" ilitoka wapi?

Wiki hii maswali mengi yamehusu "-eth", kiambishi tamati cha vitenzi katika Kiingereza cha zamani.

Biblia ya King James ina "cometh", shuleni tunafundishwa "comes". Ipi ilitangulia?

"Cometh". Kiingereza cha Kale kiliandika "-eþ", na herufi hiyo ya mwisho hutamkwa kama "th" ya "thelathini". Ni ndugu wa "-t" ya Kijerumani katika "er kommt".

Basi "-s" ilitoka wapi?

Kaskazini mwa Uingereza. Katika karne ya 10, kasisi Aldred aliandika tafsiri ya Kiingereza juu ya mistari ya Kilatini ya Injili za Lindisfarne, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono huko kaskazini, na humo "-s" imeshaanza kushindana na kiambishi cha zamani. Ilishuka kusini polepole mno. Katika karne ya 14, mshairi Chaucer aliwapa "-s" wanafunzi wawili katika hadithi yake, ili msomaji wa London atambue mara moja kuwa ni watu wa kaskazini.

Kufikia wakati wa Shakespeare, zote mbili zilitumika. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Portia anasema rehema "blesseth him that gives and him that takes": "-eth" moja, "-s" mbili, mstari mmoja! Kabla ya hapo anasema "droppeth". Angesema "drops", mizani ingepungua. Kwa mshairi, kuwa na viambishi viwili ilikuwa neema.

Kwani mwaka 1611, Biblia ya King James ilipochapishwa, watu walizungumza kama ilivyoandikwa?

Lugha yake ilikuwa ya kizamani tangu siku ilipochapishwa, maana wafasiri walirithi maneno mengi ya William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526. Mwaka 1643, mwalimu Richard Hodges alieleza waziwazi kwamba watu huandika "leadeth" lakini husema "leads". "Hath" na "doth" ndizo zilizodumu zaidi.

Naweza kuandika "I cometh" ili nisikike wa kale?

Hapana. "-eth" ni ya nafsi ya tatu umoja: "I come, thou comest, he cometh". Na "thou", yaani "wewe", msiidhanie ya heshima kwa sababu tu mmeizoea katika sala. Aliitwa hivyo rafiki, mtoto au mtumishi. Mkubwa aliitwa "you".