Agrigeti 4 si ndogo: maswali yenu ya takwimu

Wengi wenu mnakabidhi rasimu za tasnifu mwezi huu, nami nimeletewa maswali kuliko ninavyoweza kujibu. Nimechagua saba. Majina nimeyaacha, maana wasimamizi wenu nao wanasoma hapa.

Nimepima uhusiano kati ya siku za mahudhurio na matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, kwa watoto 120. Kompyuta imetoa −0.46. Msimamizi ananiuliza kama nasema mtoto akienda shule sana ndivyo anavyofeli. Nimekosea wapi? — Mwalimu wa msingi, Mbale

Hesabu hujakosea, mwalimu. Umesahau tu kwamba PLE hupanda kwa kushuka. Masomo ni manne, kila somo lina gredi ya 1 hadi 9, na ukizijumlisha unapata agrigeti. Mwenye 4 ndiye anayebebwa juu mtaa mzima; mwenye 36 anarudi nyumbani kimya. Kwa hiyo mahudhurio yakiongezeka na agrigeti ikapungua, hiyo ni habari njema iliyovaa alama ya kutoa. Kompyuta haiijui UNEB, baraza letu la mitihani. Kwake 36 ni kubwa kuliko 4, basi.

Dawa ni kugeuza safu hiyo kabla ya kupima lolote. Toa kila agrigeti kutoka 40: 4 itakuwa 36, na 36 itakuwa 4. Uhusiano utabaki na nguvu ileile, 0.46, ila sasa utasomeka jinsi msimamizi wako anavyotarajia. Andika katika sura ya tatu kwamba umegeuza, na juu ya kila jedwali weka maneno "namba kubwa ni ufaulu bora". Usimwachie msomaji kazi ya kukisia.

Ukiwa bado ndani ya faili, panga safu hiyo kutoka ndogo hadi kubwa uitazame kwa macho. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniletea kazi ambayo wastani wa agrigeti ulikuwa 41. Nikamwuliza, agrigeti ya mwisho si 36? Akacheka, nami nikacheka, kisha tukatafuta. Watoto wote waliowekewa X kwa kukosa mtihani alikuwa amewaandikia 99, akasahau kuiambia programu kwamba 99 maana yake ni pengo. Waliokosa mtihani wakawa wamefeli kuliko waliofeli.

Na jambo la mwisho kwako: gredi si kilo za sukari. Umbali wa kutoka gredi 1 hadi 2 si lazima ulingane na ule wa 7 hadi 8, kwa sababu kila gredi imefunika alama nyingi chini yake. Kwa data ya namna hiyo kipimo cha Spearman, ambacho hutazama nani yuko mbele ya nani, kinakufaa kuliko cha Pearson, ambacho hutazama umbali wenyewe kati ya namba. Shule ikikubali kukupa alama zenyewe za mtihani wa majaribio, chukua hizo.

Wastani wa umbali wa kwenda shule kwa watoto wangu kumi umetoka kilomita 9.2. Mwalimu mkuu anakataa. — Kasese

Yuko sahihi. Umeniandikia namba zako: 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 4, 4, 70. Huyo wa 70 nadhani alisema 7.0, nukta ikapotea njiani. Rudi umwulize. Wakati huohuo angalia mediani, yaani namba ya katikati zikishapangwa mstari: ni 2.5, na haitikisiki hata huyo mmoja angeandikwa 700. Wastani hukokotwa na mtu mmoja tu. Ikirekebishwa kuwa 7, wastani unashuka hadi 2.9.

Wilaya yangu ina watoto wa P.6 (darasa la sita la msingi) wapatao 3,000 katika shule 48. Jedwali la Krejcie na Morgan, lile la kukadiria ukubwa wa sampuli, limeniambia nichukue 341. Nimekwenda shule nne zilizo karibu na lami, nikachukua darasa zima kila mahali mpaka 341 wakatimia. Mjumbe wa jopo anasema sampuli yangu ni ndogo. Inakuwaje ndogo wakati jedwali limetimia? — Mwanafunzi wa uzamili, Masindi

Swali hili huja kila mwaka, na kila mwaka jedwali ni lilelile la 1970. Halina kosa. Ila limejengwa juu ya sharti ambalo watu hawalisomi: kwamba kila mtoto kati ya wale 3,000 alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, mmojammoja, kama karatasi zilizotikiswa ndani ya kofia. Wewe hukuchagua watoto. Ulichagua shule nne, watoto wakaja nazo.

Watoto wa shule moja hula posho ya sufuria moja. Mwalimu wao wa hisabati ni yuleyule, vitabu vilivyochanika ni vilevile, na akiwa likizo ya uzazi wote wanakaa bila mwalimu. Ukishampima wa kumi, yule wa themanini hakuambii jipya sana. Takwimu ina namba ya kupima kufanana huko, kati ya 0 na 1. Tuseme kwako ni 0.2, kiasi ambacho si cha kutia chumvi kwa alama za shule. Chukua idadi ya watoto kwa shule, toa 1, zidisha kwa 0.2, kisha ongeza 1. Kwa watoto 85 kila shule: 84 mara 0.2 ni 16.8, ukiongeza 1 ni 17.8. Gawanya 341 kwa 17.8. Unabaki na 19.

Ndiyo, 19. Umesahihisha karatasi 341 upate habari ya watoto 19 waliochaguliwa kinasibu. Mjumbe wako amekuhurumia alipotumia neno "ndogo".

Sasa fanya hesabu hiyo kwa shule 17, watoto 20 kila moja, jumla 340. 19 mara 0.2 ni 3.8, ongeza 1 ni 4.8, 340 gawanya kwa 4.8 ni karibu 71. Karatasi ni zilezile, habari imekaribia mara nne. Najua nauli ya boda hadi shule ya kumi na saba inauma kuliko hesabu. Lakini ukiwa na fedha za siku kumi za safari, tembelea shule nyingi uchukue wachache. Usipige kambi kwenye chache.

Namna ya kuchagua: omba orodha ya shule zote kwenye ofisi ya elimu ya wilaya. Zitenge kwanza, za serikali na za binafsi, za mjini na za vijijini, ndipo upige kura ndani ya kila fungu. Ukifika shuleni usimwambie mwalimu akupe watoto ishirini. Atakupa wanaojua kusoma, na si kwa ubaya, anakustahi mgeni. Omba rejesta. Wala usichukue ishirini wa mwanzo, maana nimeona rejesta nyingi zinazoandika wavulana wote kwanza, wasichana wakaanza ukurasa wa pili. Darasa la watoto 80, chagua kwa kura namba kati ya 1 na 4, anzia hapo, kisha chukua kila wa nne hadi mwisho.

Hizo shule nne zako usizitupe. Badilisha kichwa cha utafiti kiseme ukweli, shule nne za kando ya barabara, na uache kuisemea wilaya.

Mbinu mpya ya kusoma imewapa watoto wangu alama 4 zaidi, lakini p ni 0.06. Rafiki ananishauri niongeze watoto kidogokidogo mpaka ishuke chini ya 0.05. — Gulu

Huyo rafiki anacheza karata za matatu kwa sheria kwamba mchezo unaisha siku atakaposhinda. Ukipima, ukatazama, ukaongeza, ukatazama tena, bahati nasibu peke yake itakuvusha siku moja hata kama mbinu haina faida yoyote.

Thamani ya p inajibu swali finyu: kama mbinu yako haibadilishi kitu, ni mara ngapi tungepata pengo kubwa kama hili au zaidi kwa bahati tu? Kwako ni mara 6 katika 100. Haisemi kwamba mbinu ina uwezekano wa asilimia 94 kufanya kazi, ingawa nimekutana na sentensi hiyo kwenye tasnifu zilizokwisha kufungwa kwa jalada gumu. Na 0.05 haikushuka mlimani. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kwa sababu ilikuwa rahisi kutumia, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kikionya watu wasifunge hukumu kwa kuvuka au kutovuka mstari huo peke yake.

Andika ulichopata: tofauti ya alama 4 kati ya 100, na kwa uhakika wa asilimia 95 tofauti halisi iko kati ya −0.2 na 8.2. Msomaji ataona mwenyewe kwamba faida inaweza kuwa sifuri na inaweza kuwa nane. Na ikitokea programu ikakuandikia p ya 0.000, usiinakili hivyo. Andika chini ya 0.001.

SPSS, programu ya takwimu, niliyopewa kwenye flashi imekuja na virusi, tasnifu nusu imekwenda. Ya kununua siiwezi. Nifanyeje? — Kampala

Pole sana. Achana na za wizi, kwa sababu za bure zimekuwa nzuri. PSPP imetengenezwa ifanane na SPSS hadi menyu zake. Jamovi na JASP, hii ya pili ikitoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, ndizo ninazofundishia sasa: unabofya, jedwali linatokea papo hapo, na faili za zamani za SPSS zinafunguka. R ndiyo mama yao. Ilianzia Auckland miaka ya 1990, inafanya kila kitu, lakini inataka uandike amri, na wiki mbili za kwanza utaichukia. Kwa tasnifu ya uzamili yenye t-testi (kulinganisha wastani wa makundi mawili), uhusiano na regresheni moja (kukadiria jambo moja kutokana na mengine), Jamovi inatosha. Pakua mara moja kwa mtandao wa chuo. Baada ya hapo inafanya kazi hata bando likiisha.

Kuingiza data tumia lahajedwali ya kawaida, mtoto mmoja mstari mmoja, jambo moja safu moja. Na amua mapema utaandikaje. Mimi mwenyewe, kazi yangu ya kwanza, niliwapa wasaidizi watatu fomu wakaingiza safu ya jinsia kila mtu anavyotaka: F, f, Fem, M, m, Male. Programu ikanitangazia kwa adabu kwamba wilaya ile ina jinsia sita. Siku hizi nakusanya kwa simu kwa KoboToolbox, ambapo mhojaji anabofya kimoja kati ya viwili na hana pa kubuni.

Alfa ya hojaji yangu, yaani kipimo cha jinsi sentensi zake zinavyoafikiana, ni 0.43. Kijana anayenichapia anasema kwa pesa kidogo ataifikisha 0.8. — Arua

Usimpe hata shilingi. Atabadilisha majibu ya watu, na huo ni wizi wa data. Kabla ya yote soma sentensi zako. Una "Mwalimu mkuu hunisikiliza" na chini yake "Mwalimu mkuu hupuuza maoni yangu". Anayempenda mwalimu mkuu atajibu 5 (nakubali kabisa) kwa ya kwanza na 1 (nakataa kabisa) kwa ya pili, na alfa ya Cronbach itadhani anajipinga. Ni ndugu wa lile swali la agrigeti. Zile sentensi za kukana, toa jibu kutoka 6, upime tena. Ikibaki chini, basi huenda sentensi zako hazipimi kitu kimoja, au ulipozitafsiri kwa Kilugbara mbili zilibadilika maana. Mwulize aliyekutafsiria azirudishe kwa Kiingereza bila kuona za mwanzo.

Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 najaribu kufundisha takwimu kwa Kiswahili. Mchepuko sanifu nawaelezaje watu bila fomula? — Mkufunzi, Bombo

Wape madarasa mawili ya watoto watano. La kwanza lina alama 48, 49, 50, 51, 52. La pili 10, 30, 50, 70, 90. Wastani ni 50 kote. Waulize wangependa kufundisha lipi, waache wabishane. Kisha waambie mchepuko sanifu wa la kwanza ni 1.6 na wa la pili ni 31.6, na kwamba namba hiyo ni takriban umbali ambao mtoto wa kawaida anakaa kutoka katikati. Katika darasa la kwanza somo moja linawatosha wote. Katika la pili, ukifundisha wa 50, wa 90 anasinzia na wa 10 anachora magari kwenye daftari.